Siku yangu na futi shingoni

Saa 11 alfajiri, Jumamosi. Nyumba bado imelala. Napasha viazi vitamu vya jana, nachemsha chai ya tangawizi, sukari kijiko kimoja. Zamani nilikuwa naweka vitatu. Kuvipunguza kulichukua miezi, nusu kijiko baada ya nusu kijiko, kama unamwachisha mtoto ziwa.

Saa 12:30. Kimara, nagombania mwendokasi la Kivukoni, siyo la Gerezani, ingawa cherehani yangu iko Kariakoo. Nashuka Fire, namalizia kwa mguu barabara ya Msimbazi. Dakika 20 kwenda, 20 kurudi, siku sita. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 150 kwa wiki. Nazivuka bila kununua raba. Mvua ikinyesha, basi, napanda la Gerezani kama wenzangu.

Saa 2. Kazi ya fundi ni kukaa. Ndiyo maana nguo ikiisha nainuka mwenyewe kuipiga pasi, simtumi kijana.

Saa 4. Kaja mteja na kitenge cha kitchen party.

“Fundi, kiuno weka 32. Shughuli mwezi ujao, nitakuwa nimeshapungua.”

Futi inasema 36. Nikamjibu, “Sawa dada,” nikakata 36 na kuacha mshono mpana ndani, wa kubana au kuachia.

Simcheki. Mwaka 2021 nilikuwa yeye: wiki tano za matango na maji ya ndimu, kilo 9 zikaondoka. Kabla ya Pasaka zilikuwa zimerudi zote, na mbili za nyongeza. Hakuna aliyeniambia kwamba mwili ukishapungua unatumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, huku njaa ikipanda. Mara ya pili nikaenda taratibu, kilo 8 kwa zaidi ya mwaka. Huu wa tatu hazijarudi.

Saa 7 mchana. Mama lishe anauliza, “Dada, wali nyama?”

“Ugali nusu, dagaa, mchicha jaza.”

“Utanifilisi kwa mchicha wewe!”

Mafundi wenzangu wanafungua soda. Ile chupa ya mililita 350 mara nyingi ina sukari inayokaribia vijiko vya chai 9, lakini nikisema naitwa daktari, kwa hiyo nanywa maji yangu. Na nisijifanye malaika: jana nilikula chips mayai, sahani nzima.

Saa 10. Hapa ndipo pagumu. Muuza vitumbua anapita, vya moto, na harufu inafika kabla yake. Nikiwahi kununua chungwa la kumenywa, nimepona. Leo nimechelewa. Viwili.

Saa 1 usiku. Nyumbani, maharage na wali, chungu kimoja na familia. Sipiki changu pembeni. Nilijaribu, nikachoka wiki ya pili.

Saa 3. Mizani sina. Jumamosi ya mwisho wa mwezi najipima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikishatoa pumzi. Kwa mwanamke, sentimita 88, yaani kama inchi 35, ndiyo hatari kubwa inapoanzia. Nina 33 na nusu. Mwezi uliopita ilikuwa 33 kamili.

Nusu inchi hiyo naijua: harusi mbili na arobaini moja, kote pilau. Natundika futi msumarini, naloweka choroko za kesho.