Siku moja karakanani: rola ya miwa inayosogea, gia isiyosogea

Saa 2 asubuhi. Mashine ya kukamua miwa iko mezani. Rola mbili za kipenyo cha mm 76. Ya chini imetulia, ya juu inapanda na kushuka kwa bolti mbili. Muwa utapita kwanza kwenye uwazi wa mm 8, kisha mm 2. Kabla ya kutajiana bei za vifaa tunaandika ukutani: shafti inasafiri mm 6. Namba hiyo ndiyo inayochagua njia ya kuzungusha rola zote mbili pamoja.

Saa 3. Gia mbili zilizofungwa moja kwa moja kwenye shafti, moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 4, meno 19. Zikikaa senta kwa senta mm 76, safi. Kwenye mm 78, yaani uwazi wa mm 2, bado zinashikana, ila plei (ulegevu kati ya meno) imefika kama mm 1.6. Zikipita mm 78.5, jozi moja ya meno inaachia kabla inayofuata haijashika: gia inagonga, ncha zinakatika. Na kwenye uwazi wa mm 8? Kipenyo cha nje cha kila gia ni mm 84, na senta nazo ni mm 84. Ncha kwa ncha, hakuna kinachozunguka. Kuongeza moduli hadi 6 kunabakiza meno 13 hivi, na chini ya 17 shina la jino huliwa wakati wa kukata.

Saa 5. Cheni. Inawezekana: mgongo wake ukilala kwenye sproketi (gia ya cheni) ya juu, rola zinazunguka kinyume, na kikaza cha springi kinameza ulegevu. Shida huja muwa ukikwama na mwendeshaji akarudisha nyuma. Upande uliolegea unageuka kuwa wa kuvuta, springi inasalimu amri, cheni inaruka meno. Halafu makapi na juisi vinaingia kwenye pini. Tunaiweka kando.

Saa 7, chakula.

Saa 8. Tunachagua krosi mbili za propela, viungo vinavyozungusha shafti hata ikikaa kwa pembe. Gia, moduli 4 meno 20, zinakaa kwenye boksi lake, senta mm 80 daima. Rola ya chini inaungwa moja kwa moja. Ya juu inapata kipande cha mm 250 chenye krosi kila mwisho. Uwazi wa mm 8 (senta mm 84) unaikosesha mstari na gia kwa mm 4, wa mm 2 (senta mm 78) kwa mm 2. Pembe haifiki digrii moja. Shafti ya chini ni mm 40, kwa hiyo krosi inapozunguka isizidi kipenyo cha mm 100, la sivyo itaikaribia mno.

Saa 10. Kuchomelea. Uma mbili za kipande cha kati (mikono inayoshika krosi) zilale kwenye bapa moja. Tunaziweka juu ya bamba la chuma na kupima kabla ya kupiga hata doa moja la kuchomelea. Mteja anaambiwa asifanye kazi kwenye uwazi wa mm 4: hapo pembe ni sifuri, sindano za beringi ndani ya krosi hazibingiriki, zinachimba sehemu ileile. Mwisho, bati la kinga kati ya rola na krosi, grisi isifike kwenye juisi.