Katamarani yako kwenye kampuni ya kukodisha: anza na ukurasa wa mwisho wa mkataba

Mpango ni huu: unanunua katamarani, chombo cha matanga chenye miili miwili na injini mbili, kisha unaikabidhi kampuni iikodishe kwa wateja kwa miaka kadhaa. Wauzaji wake hukufungulia kurasa za mbele: kampuni itakulipa asilimia fulani ya bei ya chombo kila mwaka, bima juu yao, gati juu yao, na wewe una wiki zako kadhaa za kusafiri bure. Mara nyingi hayo ni kweli. Lakini hesabu halisi hufungwa siku unayorudishiwa chombo, kwa kawaida mwaka wa tano au wa sita, na kifungu cha siku hiyo huwa kifupi mno: kitarudishwa katika hali nzuri, ukiondoa uchakavu wa kawaida.

Ugomvi wote umo humo. Kabla ya kusaini, dai kiambatisho kinachotaja kitu kimoja kimoja: matanga, betri, wavu wa mbele, mito, boti ya mpira na mashine yake, rangi ya chini. Kila kimoja kiandikiwe kama kitabadilishwa, kitatengenezwa au kitaachwa kilivyo. Andikeni pia nani anamlipa mkaguzi, na nini kitafuata wakaguzi wa pande mbili wakipingana.

Malipo ya uhakika (asilimia ile ya kila mwaka) na mgawanyo wa mapato (unapata sehemu ya kodi inayoingia) vina mitego tofauti. Kwenye malipo ya uhakika matengenezo ni gharama ya kampuni, kwa hiyo kila kinachoahirishwa ni faida yao. Kwenye mgawanyo bili inakuja kwako, na kishawishi kinageuka: vipuri hubadilishwa upesi kuliko inavyohitajika. Dawa yake ni kuweka kiwango ambacho bili ikikizidi lazima uidhinishe kwa maandishi, tena ukiwa na picha ya kipuri kilichotolewa.

Sasa mashine. Mteja wa wiki moja ana ratiba, na upepo wa omo, yaani wa mbele, haumsubiri mtu, hivyo anawasha injini. Anaziwasha tena jioni ili kuchaji betri. Ndiyo maana saa za injini za chombo cha kukodisha hupanda haraka kuliko za chombo binafsi, na jenereta ya viyoyozi inaweza kuzipita injini zote mbili. Jenereta ndiyo ya kuitilia shaka zaidi. Ikizunguka usiku kucha na mzigo mdogo, dizeli haiungui sawasawa, masizi hujaa kwenye ekzosi, kuta za silinda hulainika na ringi hazishiki tena. Ukiona inakula oili, umechelewa. Omba picha ya mita ya saa kila mwezi, uilinganishe na rekodi ya kubadilisha oili kama kitabu cha mtengenezaji kinavyotaka.

Katamarani nyingi za aina hii zina seilidraivu: mguu wa gia unaoshuka kupitia tundu kwenye sakafu ya chombo. Kinachozuia bahari kuingia hapo ni mpira wa duara tu. Watengenezaji huutaka ubadilishwe kila baada ya miaka 5 hadi 7 hivi, kutegemea aina. Piga hesabu: mpira unafikisha umri wake wakati mkataba unapokwisha, nao ni miwili, mmoja kila upande. Mpira wenyewe si gharama kubwa. Kubwa ni kazi ya kukweleza chombo na kuitenganisha injini na mguu wake. Usipoutaja kwenye kiambatisho, utaulipia wewe.

Juu ya sitaha kuna jambo ambalo wateja waliozoea jahazi la mkuku mmoja, yaani la mwili mmoja, hawalijui. Chombo cha mkuku mmoja hulala upepo ukizidi, na kule kulala ni onyo. Katamarani hailali, kwa hiyo tanga lisipopunguzwa kwa kufuata namba za kipima upepo, mzigo wote unaishia kwenye mlingoti na waya zake. Tena nyingi hazina waya wa nyuma. Waya za kando zimevutwa kuelekea tezi, yaani nyuma, hivyo chombo kikienda na upepo wa nyuma tanga kuu lililoachiwa sana husugua vipanuzi vya mlingoti, yaani mikono inayozitanua waya za kando. Kagua nyuzi za mishono mahali hapo hapo, na viraka vyake. Kwenye waya, pitisha kitambaa karibu na ncha zilizobanwa. Uzi mmoja wa chuma uliokatika ukikinasa, waya huo haufai.

Winchi ya nanga huumizwa kuliko chochote. Watu huitumia kukivuta chombo kizima kuifuata nanga, badala ya kusogea kwa injini huku winchi ikikusanya mnyororo uliolegea. Au hulala usiku mzima mzigo ukiwa kwenye winchi bila kufunga kamba ya V kutoka omo zote mbili. Matokeo ni mota iliyoungua, au meno ya gurudumu yaliyolika hadi mnyororo unaruka.

Tezi na omo, marejeo ngamani: inua mbao za sakafu. Maji ya chumvi ndani ya ngama, pale chini ya sakafu maji yanapojikusanya, yana chanzo, usikubali kuambiwa ni ya kuoshea. Tazama kuta za ndani za mbele, ambako mawimbi hupiga chini ya daraja linalounganisha pande mbili. Nyufa za rangi kwenye pembe zake, au sauti bubu ukigonga kwa nyundo ya plastiki, huenda zikaonyesha kuwa tabaka za faibaglasi zimeachana. (Choo kinaziba kila mahali, usikifanye sababu ya vita.)

Ukaguzi huu usingoje siku ya kukabidhiwa. Tuma mkaguzi wako mwenyewe katikati ya mkataba, chombo kikiwa nchi kavu kwa rangi, halafu miezi sita kabla ya mwisho, wakati kampuni bado inawajibika nacho na ina muda wa kukipeleka kwa fundi kati ya wateja. Siku ya makabidhiano, usitie saini kabla ya kwenda nacho baharini: injini zote mbili kasi ya juu kwa muda wa kutosha joto litulie, matanga yote juu, nanga imeshushwa na kupandishwa.