Escudo yangu na mvua za masika

Jua likiwaka, gari yangu, Suzuki Escudo ya 1991, haina neno hapa Pemba. Inapanda vilima vya Mtambile, inashuka Mkoani kupokea wageni wa boti, inarudi Chake salama. Ikiingia masika, rasharasha ya asubuhi tu inatosha: inakohoa, inashtukashtuka, kisha kimya, katikati ya barabara, na daladala nyuma linakupigia honi.

Mafundi wote walikuwa na jawabu moja: pampu ya mafuta. Mmoja akaongeza kwamba petroli imeingia maji. Mie sikuridhika. Maji yakiwa ndani ya tangi yamo humo Januari na Aprili, hayangoji mawingu. Tena gari inayokosa mafuta aghlabu hulegea taratibu mpaka ikaishiwa nguvu. Yangu ilikuwa inakata, inashika, inakata tena. Hiyo ni hitilafu ya cheche ya umeme inayowasha mafuta, si ya mafuta yenyewe. Na nikiiegesha pasipofika mvua, joto la injini likaikausha, inawaka kwa stata moja.

Koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri, hupeleka kwenye plagi, zinazotoa cheche ndani ya silinda, umeme wa volti 20,000 na zaidi. Umeme wa nguvu hiyo ukipata njia ya mkato hauiachi. Raba ya nyaya za plagi ikizeeka hupasuka nyufa ndogondogo, na huku kwetu upepo wa bahari hauachi kitu bila chumvi, juu ya chumvi vumbi. Uchafu huo ukiwa mkavu hauna madhara makubwa. Ukilowa, unapitisha umeme, na cheche inatorokea kwenye chuma cha injini kabla ya kufika kwenye plagi.

Basi nikangoja baada ya Isha, nikazima taa ya barazani, nikawasha gari na kufungua boneti. Mkononi nina ile chupa ya kunyunyizia maji ya vinyozi. Mke wangu akachungulia mlangoni: "Baba Asha, gari nayo inatawadha?"

Nikapuliza ukungu mwembamba, sehemu moja baada ya nyingine. Kwenye koili, hamna kitu. Kwenye waya wa silinda ya tatu, cheche za buluu zikaanza kutambaa, tit-tit-tit, na nyingine zikazunguka shingo ya kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa kila plagi. Injini ikayumba, ikazimika. Hapo nikalijua gonjwa, na sijatoa hata senti. (Ukijaribu, mikono iwe mbali na nyaya na feni, wala usivae kanzu.)

Asubuhi nikafungua kifuniko. Ndani, baina ya ncha mbili za shaba, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ni njia ya kaboni iliyochomwa na cheche zenyewe. Wapo wanaoikwangua kwa msasa. Gari inakwenda siku mbili tatu, kisha yale yale. Kitu hicho kinatupwa.

Kifuniko, rota inayozunguka ndani yake na nyaya zote nne vilikuja na boti kutoka Unguja. Nyaya nilizibadilisha mmoja mmoja, kwa sababu mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, na ukizing'oa zote kwa pamoja ni rahisi kuzichanganya, gari ikapiga mabomu kwenye ekzosi. Mpira wa chini ya kifuniko, ambao mafundi wengine huutupa, niliurudisha mahali pake. Ndani ya kofia za plagi nilipaka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inakula raba. Na vijana wa kuosha magari nimeshawaambia: injini yangu isipigwe maji ya presha.

Usiku nikarudia chupa ile ile. Hapakutokea cheche hata moja, na injini haikutikisika.

Kimebaki kimoja. Distribyuta ya gari hizi imekaa nyuma kabisa ya injini, na mpira wa ukingo wa boneti yangu umekauka, kwa hiyo mvua kubwa bado inadondokea huko. Mwenye mpira huo, Chake au Wete, aniambie, ila bei iwe ya kibinadamu.