Nilivyomaliza kuwaza leza ya macho

Miwani yangu ni minus 8, yaani vya mbali sivioni kabisa bila miwani. Kwa jasho la Kariakoo inateleza puani. Nikishuka kwenye gari lenye kiyoyozi inashika ukungu, nabaki kipofu katikati ya bodaboda. Nikaanza kudunduliza hela za leza, ile ya kuchonga jicho ili niachane na miwani.

Kilichoniokoa ni kupima kwanza unene wa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Wengi wana kama mikroni 540 (mikroni elfu ni milimita moja); mimi 470. Daktari akashika kalamu: kifuniko kinachokatwa juu 110, leza ichonge kama 120, zinabaki 240. Zikishuka chini ya 250, konea inaweza kulegea na kutuna.

“Dada, hapa leza hapana.”

Roho iliniuma, maana hadi majirani nilishawatangazia. Hela nikatengenezea lenzi nyembamba, fremu ndogo yenye vishikio vya mpira puani. Haitelezi tena. Ukungu bado upo.