Kosa langu ni mke wangu kuajiriwa kwa wapinzani

Basi nimefukuzwa kazi jamani. Sio wizi, sio uzembe, sijagombana na mtu, ni kwamba mke wangu kapata kazi kwenye kampuni tunayogombania nayo wateja. Nikiwaelezea watu wananitazama kama kuna kitu naficha, "lazima kuna lingine". Hakuna lingine.

Na niliwaambia mwenyewe! Mke wangu alivyopewa ofa tu, hata hajasaini, nikamwandikia bosi imeili, maana taratibu zetu za kazi zinasema jambo lolote linaloweza kuleta mgongano wa maslahi ulitaje mapema. Nikalitaja. Akajibu "asante kwa uwazi". Haikupita muda naitwa, nakuta mtu wa HR (rasilimali watu) kakaa, bosi kainamia simu yake, mezani barua mbili, moja ya kuachishwa na nyingine ya kujiuzulu kwa hiari yangu mwenyewe, ishachapwa na jina langu juu, bado saini tu. Nikauliza nimetoa siri gani? Wakasema hakuna aliyesema umetoa. Sasa je? "Hatari ipo."

Mi niko mauzo, najua bei zetu, na ukijua bei ya mwenzako kabla tenda haijafunguliwa umeshammaliza, kwa hiyo hofu yao siidharau. Ila dawa yake si inajulikana? Huko kwa mke wangu walimpa fomu aandike mwenza wake anafanya kazi wapi, wakamtoa kwenye tenda zote ambazo kampuni yangu inaingia, mafaili ya tenda hizo wakamfungia asiyaone, wakaendelea na kazi zao. Ndoa ni hiyo hiyo moja, kule imeisha kwa fomu, huku imeisha kwa mimi kukabidhi laptopu na kitambulisho.

Halafu sijui watu wanadhani wanandoa usiku wanaongea nini. Sisi ni ada, nani kaacha taa inawaka, goti la mama mkwe. Nani ana nguvu za kusimulia punguzo la mteja saa hizo?

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanasheria wa kujitengeneza, nasoma tu. Kuna kesi ya California ya 1984, meneja mmoja wa IBM, mwanamke, alikuwa na uhusiano na jamaa wa kampuni shindani, hawajaoana hata. Bosi wake akampa siku chache afikirie kama atamwacha huyo jamaa, kesho yake tu akamwita akamwambia nimeshakuamulia, akamwondoa kazini. Mahakama ya rufaa ikaacha alipwe dola 300,000, na kilichowaponza zaidi ni sera za kampuni yenyewe, zilikuwa zinasema maisha binafsi ya mfanyakazi hayawahusu mpaka yaharibu kazi. Kanada nao, Mahakama ya Juu ilisema 2002 kwamba kubaguliwa kwa hali ya ndoa sio tu kwa sababu umeoa au hujaoa, hata nani umeoana naye imo. Nikashangilia, kumbe New York mwaka 1980 mahakama ilishasema kinyume chake, kwamba hali ya ndoa ni umeoa au hujaoa basi, mwenza wako ni nani haimo. Yaani ndoa yangu inalindwa au hailindwi kutegemea nimesimama wapi.

Ile barua ya hiari sikusaini, na yeyote atakayewekewa mezani asisaini kwa kuogopa, maana ukishaandika umeondoka mwenyewe, kuja kudai umefukuzwa ni kazi ya kupanda mlima. Nikaomba sababu kwa maandishi na wakaandika kweli, "mgongano wa maslahi unaotokana na ajira ya mwenza", sentensi hiyo naipenda kama mwanangu. Ile imeili ya "asante kwa uwazi" nayo ninayo. Na muda wa kufungua malalamiko huwa mfupi, usikae nyumbani unalia wiki zinakatika.

Familia sasa. Kikao kikakaa, na wazee wote wakaona jibu ni mke aache kazi ili mume arudi kwenye yake, ofisi haijasema popote kwamba ingenirudisha lakini wao wameshaamua! Mke wangu akaniambia pembeni nikitaka ataacha. Nikamwambia ukiacha tutakula nini, hiyo barua?

Kesi nimefungua, tunangoja kuitwa kwenye usuluhishi. Huku naomba kazi kwingine, na juzi nimejaza fomu moja ya mtandaoni ina kipengele "mwenza wako ameajiriwa wapi". Mke wangu akasema si uruke tu hapo. Nimejaribu, kina nyota nyekundu, haikubali kwenda mbele.