Nilivyoyazoea maneno ya kitabibu kwa kuyasoma kuanzia mwisho

Nilipoanza masomo ya utabibu, kilichonielemea zaidi kilikuwa maneno yenyewe. Kiingereza cha sekondari kilikuwa kimenizoesha lugha ya vitabu vya kawaida, lakini neno kama "hepatosplenomegaly" halisikiki hata katika mazungumzo ya kila siku ya Waingereza. Limeundwa kwa vipande vya Kigiriki, na mwanafunzi aliyezaliwa London hulikuta darasani akiwa mgeni nalo kama nilivyokuwa mimi. Kulitambua hilo kulinitia moyo sana, kwa kuwa kulimaanisha kwamba kazi iliyonikabili ilikuwa kujifunza vipande vichache vinavyojirudia katika mamia ya maneno.

Nilinunua daftari, nikawa naandika neno, nalikata kwa mistari ya kalamu, kisha chini ya kila kipande naandika maana yake. Baada ya muda nikaona jambo ambalo naliona kuwa zawadi kwa msomaji wa Kiswahili: maneno haya huweka kifafanuzi mbele na jambo kuu mwishoni, ilhali sisi hutanguliza jambo kuu. Kwa hiyo ukilisoma neno kuanzia mwisho, maana inajipanga yenyewe kwa Kiswahili. Katika "cholecystectomy" mna "chole", yaani nyongo, "kystis", yaani mfuko, na "ektome", yaani kukata na kuondoa; ukirudi nyuma unapata kuondoa mfuko wa nyongo, bila kuhamisha chochote. Hata lile neno refu lililokuwa likinitisha lilifunguka vivyo hivyo: ukubwa, bandama, ini. Ni hali ya viungo hivyo viwili kuvimba, ambayo katika Kanda ya Ziwa humfanya tabibu afikirie kichocho cha tumbo miongoni mwa mambo ya kwanza.

Kichocho chenyewe kilinipa somo zuri. Minyoo wake, ambao Theodor Bilharz aliwagundua mjini Cairo mwaka 1851, huitwa Schistosoma, kutokana na "schistos", kilichopasuka, na "soma", mwili. Dume ana mfereji mwilini, na jike hulala ndani ya mfereji huo. Aliyewahi kuona picha yao hawezi kulisahau jina. Trypanosoma, kimelea cha malale, ni mwili wa keekee, kwa kuwa "trypanon" ni chombo cha kutobolea, na kweli kimelea hicho husogea kwa kujizungusha. Anopheles nalo maana yake ni asiye na faida. Johann Wilhelm Meigen alimpa mbu huyo jina hilo mwaka 1818, miongo mingi kabla Ronald Ross hajaona vimelea vya malaria ndani ya mbu wa aina hiyo huko India mwaka 1897. Si kila jina geni ni la Kigiriki, hata hivyo: chikungunya limetoka katika Kimakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, nalo hueleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Faida kubwa zaidi niliiona katika maneno yanayofanana. "Haemoptysis" na "haematemesis" yote huanza na "haima", damu, na anayeyakariri kwa sauti tu huyachanganya kwa urahisi. Lakini "ptysis" ni kutema na "emesis" ni kutapika. La kwanza linahusu damu inayokoholewa kutoka katika njia ya hewa, mara nyingi nyekundu na yenye povu, nayo hukufanya uulize kuhusu kifua kikuu. La pili linahusu damu itokayo tumboni au kwenye umio, pengine ikiwa na chakula, na ikikaa tumboni hugeuka nyeusi. Hapo unafikiria vidonda vya tumbo, au mishipa ya umio iliyovimba kwa sababu ya ini. Kosa la herufi chache katika jalada la mgonjwa laweza kuelekeza uchunguzi mahali pasipostahili, ndiyo maana jozi hii niliipa ukurasa mzima.

Njia hii ina mipaka yake. "Asphyxia" kwa vipande vyake ni kukosa mapigo ya mshipa, lakini leo neno hilo hutumika kwa kukosa hewa. Jina la ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, linatokana na "arteria", neno ambalo Wagiriki walilitumia pia kwa koromeo la hewa, na baadhi ya waganga wao waliamini kwamba mishipa hiyo hubeba hewa. Tena kuna mizizi inayokaribiana mno: "hydor" ni maji, "hidros" ni jasho, hivyo "anhydrous" ni kisicho na maji na "anhidrosis" ni kutotoka jasho. Maneno ya namna hiyo nimeyatengea kurasa za nyuma za daftari, na kila neno jipya nalilinganisha nayo kwanza kabla sijalikata.