Siku moja na kilo 22 mgongoni, kaskazini ya Pemba

Kazi yangu ni kuchukua mizigo na kuongoza wageni wanaotaka kutembea huku kwetu, sio wale wa kushuka garini wakapiga picha wakaondoka, hawa wanataka waipite Pemba kwa miguu. Watu wananiuliza sana kuhusu zile stiki mbili nnazotembea nazo, fimbo za kutembelea za kurefusha na kufupisha, basi nimeamua niandike siku nzima ilivyo, maana kuzieleza bila mzigo na bila njia yenyewe haifahamiki.

Saa 11 alfajiri

Nshasali, chai na muhogo wa kuchemsha, halafu napanga begi. Leo ni kilo 22 pamoja na vitu vyangu mwenyewe, na karibu nusu yake ni maji, lita moja kilo moja, hapo hakuna ujanja. Vizito naviweka karibu na uti wa mgongo, usawa wa katikati, vyepesi juu na pembeni. Mkanda wa kiunoni naukaza juu ya mifupa ya nyonga mpaka mabega yapumue. Hili watu wanalikosea sana, wanadhani stiki zinabeba mzigo. Mzigo unabebwa na nyonga, stiki zinakusaidia usiyumbe na zinapunguza kishindo kwenye magoti, basi. Wala usidhani utapumua kidogo kwa sababu unazo, mikono nayo inafanya kazi kwa hiyo nguvu unatumia zile zile au hata zaidi.

Saa 12 na nusu

Tumetoka na wageni wawili na mtoto wa ami yangu ambae anajifunza kazi. Tunaanzia juu kwenye mikarafuu tunashuka bondeni, na wanaoijua Pemba wanajua vilima vyetu sio virefu lakini vimesimama, na jana vuli imenyesha usiku kucha udongo umekuwa utelezi mtupu.

Hapa ndo stiki zinapolipa. Tambarare nnaziweka urefu ambao nikishika mpini ncha iko chini kiwiko kinakunja pembe mraba, kwangu mie mwenye sentimita 172 inakuwa kama 115 au 120 hivi. Kabla ya kushuka nazirefusha sentimita 5 mpaka 10. Halafu ncha inatangulia mbele kidogo, naipa uzito, ndo mguu unafata, hatua fupi fupi magoti yamelegea kidogo. Ukiwa na mzigo mkubwa uzito wako umepanda juu, ukiteleza begi ndilo linalokusukuma, na mwenye miguu miwili tu hapo hana cha kushikia. Mwenye minne anacho.

Mkanda wa mkononi nao una namna yake, unaingiza mkono kutoka chini kuja juu kisha unaushika mpini pamoja na mkanda, hivyo unaukandamiza mkanda kwa kifundo na vidole vinabaki vimelegea. Anaekamata mpini kwa nguvu zote mchana ataumwa na mikono tu. Mgeni mmoja nilimuona vidole vimekuwa vyeupe, nkamsimamisha nkamuonesha, baada ya hapo alikwenda vizuri kabisa.

Saa 2 asubuhi

Bonde la mpunga. Matope. Vile visahani vya plastiki vya chini ndo kazi yake hii, bila yake stiki inazama na ukiivuta unavutika wewe. Kijito kimejaa, sio sana, chini ya goti, lakini tunavuka kwa utaratibu wake, tunaelekea yanakotoka maji, mikono tunaitoa kwenye mikanda, mkanda wa kiunoni tunaufungua ili mtu akianguka aweze kulivua begi, na tunasogeza kitu kimoja kimoja, ama mguu ama stiki.

Saa 3 hivi

Kupanda. Hapa nazifupisha, ncha inatua ubavuni karibu na mguu, sio mbele mbali, nasukuma kwenda nyuma. Mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kama mtu anavyotembea siku zote.

Juu tulimkuta mzee mmoja na bakora yake. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, mbona wewe mbili na mie mzee nna moja? Nkamwambia babu, wewe umejibeba mwenyewe tu, mie nna lita kumi za maji hapa. Akaishika moja akaipima mkononi, akasema nyepesi hii, akamgeukia mtoto wa ami yangu, huyu mbona hana?

Na hilo ndo linaloniuma kwenye kazi hii. Mgeni ana kibegi cha chupa mbili na miwani, mkononi stiki nzuri kabisa. Mchukuzi ana kilo 20 na zaidi, mikono mitupu. Hata Kilimanjaro ambako kuna kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mchukuzi utaona picha hizo hizo. Goti la mchukuzi ndo linalomlisha yeye na watoto wake, anaeajiri wachukuzi anunue na stiki kama anavyonunua mahema. Tulipofika barabara ya Konde nlimpa kijana zangu atembee nazo hadi Ngezi, na njia nzima alikwenda kimya, ameshughulika kuzisikiliza.

Saa 4 na nusu

Msitu wa Ngezi. Kivuli, mivule mikubwa, na juu ukibahatika unawaona wale popo wa Pemba ambao dunia nzima wako kisiwani hapa tu. Njia ina mizizi, kwa hiyo mikono inatoka kwenye mikanda, kwa sababu ncha ikinasa kwenye mzizi na mkono umefungwa utavutika bega. Kwenye ncha tunavisha mpira, kelele inapungua na mizizi haitobolewi tobolewi.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, wali na samaki, usingizi kidogo kwa wageni. Stiki mbili na shuka na kamba zinatoa kivuli cha kutosha watu wanne. Wakati wa kunyanyuka nakaa chini mbele ya begi, navaa, nageuka nikapiga goti moja, nakandamiza stiki zote mbili nakuja juu.

Saa 9 alasiri

Ufukwe wa Vumawimbi. Maji yamekupwa, tunatembea kwenye mchanga mgumu karibu na maji, kwenye mchanga laini wa juu hata visahani havisaidii sana. Karibu na Ras Kigomasha kuna mawe ya matumbawe yenye matundu, ncha ikiingia tunduni usiilalie pembeni. Alumini itapinda, unaweza kuinyoosha ukafika nyumbani. Ya kaboni itakatika tu.

Saa 11 jioni

Mnara wa taa, gari imekuja, wageni wameondoka.

Saa 2 usiku

Nazikosha stiki kwa maji ya kisima, nazichomoa vipande vyote, nakausha na kitambaa, naziacha wazi mpaka asubuhi. Chumvi ikibaki ndani zinaganda hazitoki tena. Mafuta usitie, loki, kile kibano kinachoshika urefu, haitabana, mzigo ukiegemea itaingia ndani yenyewe.

Kijana nshampima, yeye mfupi, 110 inamtosha. Natafuta pea ya pili ya alumini, za loki ya kubana kwa nje sio za kuzungusha, hata mitumba sawa. Alienazo Wete, Chake au hata Unguja anijuulishe na bei yake, na ncha za spea kama zipo.